Sandarusi na Gari Jeusi: Asili ya Mng'ao Tunaoununua Kampala

Hapa Kampala hakuna gari linalomsumbua mwenyewe kama gari jeusi. Gari jeupe huvumilia vumbi, la kijivu hulificha, lakini jeusi husema kila kitu. Vumbi jekundu la barabara za marramu hulikalia kama unga uliochekechwa. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu, chembe za mchanga hukwaruza, na jua likipiga utaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Jua lenyewe la ikweta hulichoma gari jeusi kuliko gari la rangi nyingine, kwa sababu weusi hufyonza joto badala ya kulirudisha. Kisha kuna kaloli, wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wanaolala kwenye miti ya Makerere na ya katikati ya jiji. Kinyesi chao kikikauka mchana kutwa juu ya boneti nyeusi, hakibanduki bila kuacha doa.

Pamoja na taabu yote hiyo, watu wanalitaka jeusi. Maharusi wanalitaka, wafiwa wanalitaka, wakubwa wa serikali hawataki jingine. Mjomba wangu anaishi kwa gari la namna hiyo. Jumamosi hubeba bibi harusi, siku za katikati ya wiki huongoza msafara wa mazishi, na kwa kweli anacholipwa si mwendo, maana misafara hiyo yote huenda polepole. Analipwa mng'ao. Mwaka jana fundi mmoja alimshawishi alipake gari lake tabaka la kinga linaloitwa seramiki, akimwahidi kwamba litadumu miaka mitatu bila kuhitaji nta wala polishi. Bei yake ilikuwa sawa na mapato ya harusi kadhaa, na mjomba alikuwa bado anadaiwa karo ya watoto wawili. Akanigeukia mimi: "Mpwa wangu, wewe unasoma historia. Hii dawa mpya ni ya kweli au ni maneno ya biashara?"

Wengine wangemwambia amwulize mwanakemia. Lakini nilipoanza kufuatilia swali lake nilikuta kwamba swali hilo lina umri mkubwa kuliko injini ya petroli, na kwamba sehemu ya jibu lilifukiwa ardhini nyuma ya Bagamoyo na Kilwa. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kinga iliyothaminiwa kuliko nyingi kwa magari ya fahari ya Ulaya na Marekani ilipikwa kutokana na sandarusi ya pwani yetu. Mng'ao tunaouagiza leo kutoka ng'ambo, zamani malighafi yake tuliiuza sisi. Na aliyefaidika nao hakuamuliwa na ubora wa kitu chenyewe. Aliamuliwa na mahali kilipooshwa, kilipoyeyushwa na kilipotozwa ushuru.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu nilipolitaja darasani wenzangu wa kutoka Tanzania walicheka. Kwao sandarusi ni mfuko, ule wa plastiki iliyofumwa unaobeba mahindi na mkaa. Wa Uganda hawakucheka, maana hawakuwa wamelisikia kabisa. Lakini kamusi zetu bado zinaihifadhi maana ya kwanza: utomvu mgumu wa rangi ya asali unaotokana na mti uitwao msandarusi. Wataalamu wa mimea huuita mti huo Hymenaea verrucosa, na humea katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Ukiukata gome, hutoa machozi yanayoganda. Ile gundi changa haikuthaminiwa sana. Iliyotafutwa ni ile iliyodondoka karne nyingi zilizopita, miti yake ikafa na kuoza, ikabaki yenyewe mchangani ikikomaa hadi kukaribia ugumu wa kaharabu. Wakati mwingine ndani yake kulikuwa na mdudu aliyenaswa, mzima na mabawa yake.

Wafanyabiashara wa Zanzibar walizitenga aina hizo kwa uangalifu. Kulikuwa na sandarusi ya mti, kulikuwa na chakazi, yaani iliyo changa bado, na kulikuwa na ile ya kweli ya kuchimbwa, ambayo ikisafishwa uso wake huonyesha vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Neno "chakazi" liliwashinda Waingereza, wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda, na kwa miaka mingi vitabu vyao vya biashara viliandika habari za sandarusi ya punda pasipo punda yeyote kuhusika. Daktari John Kirk, aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyewaonyesha wanasayansi wa London kwamba sandarusi ya ardhini ilitoka kwa mti uleule uliokuwa bado unamea pwani. Nadhani wachimbaji wangeweza kuwaambia hivyo kama wangeulizwa.

Sasa gundi hiyo iliingiaje kwenye magari? Kabla ya mota, gari la fahari lilikuwa gari la farasi, na kulipaka rangi kulikuwa kazi ya wiki kadhaa. Ubao ulipakwa rangi ya msingi, ukajazwa vinyweleo kwa rangi nzito, ukasuguliwa kwa jiwe na maji mpaka ukawa laini kama kioo, ndipo ikapakwa rangi yenyewe tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likangojwa likauke. Rangi hiyo peke yake ilikuwa dhaifu na haikung'aa. Mng'ao na kinga vilitoka kwenye vanishi ya mwisho. Vanishi bora ya magari ilipikwa kwa sandarusi iliyoyeyushwa katika chungu cha shaba kwa joto la zaidi ya nyuzi 300, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani yaliyo moto, kisha ikapunguzwa uzito kwa tapentaini. Ilikuwa kazi ya hatari. Mvuke ulishika moto kwa urahisi, na kwa sababu hiyo wapika vanishi hawakupendwa na majirani. Gundi laini haikuhitaji taabu hiyo, lakini haikuhimili matope, mvua na jua. Sandarusi ya Zanzibar ilihimili kwa sababu ya ule ugumu wake.

Weusi ulifaa zaidi kwa vanishi hiyo. Vanishi ya mafuta ina rangi ya chai, na rangi hiyo huzidi kadiri inavyozeeka. Ukiipaka juu ya nyeupe, gari litakuwa la manjano. Juu ya buluu, litaelekea kijani. Juu ya nyeusi haionekani, ila huongeza kina, ukawa kama unatazama ndani ya kisima.

Kilichonishangaza kuliko yote ni maagizo waliyopewa wenye magari ya farasi. Usiache matope yakaukie juu ya vanishi. Usilioshe gari juani. Tumia maji mengi ya baridi, sponji laini, kisha ukaushe kwa ngozi laini. Usilaze gari karibu na zizi, kwa kuwa hewa kali ya mkojo wa farasi huharibu mng'ao. Linganisha na fundi wa Kampala anayekwambia uoshe asubuhi, utumie kitambaa laini, usiegeshe chini ya mti wa kaloli. Farasi wameondoka, lakini choo cha mnyama na rangi nyeusi bado ni maadui. Kwa hiyo nilikuwa tayari na nusu ya jibu la mjomba: hakuna tabaka, la kale wala la leo, lililowahi kumwondolea mwenye gari jeusi kazi ya kuosha kwa adabu.

Turudi pwani, kwenye wachimbaji. Shahidi wetu anayenukuliwa mara nyingi ni Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 pamoja na Speke kuelekea Tanganyika, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1860. Burton anaeleza kwamba mchimbaji alitoboa shimo jembamba kwa mti uliochongwa ncha, akakwangua udongo kwa mkono hadi pale mkono ulipokomea, kisha akaliacha akaenda kutoboa jingine. Anaona hapo uvivu. Angetaka kuona machimbo ya kina, yenye wasimamizi na nidhamu.

Mimi nasoma ushahidi uleule kwa namna nyingine. Wachimbaji hao walikuwa wakulima. Walikuwa na mashamba ya mtama na mpunga, na kuchimba ilikuwa kazi ya kujazia pale shamba liliporuhusu. Sandarusi haikukaa kwenye mshipa mmoja kama dhahabu. Ilitawanyika mchangani kwa bahati, hapa kipande cha kokoto, pale cha ukubwa wa ngumi. Kwa hali hiyo mashimo mengi mafupi ni akili kuliko shimo moja refu. Tena mtu anayechimba kwa mkono wake, karibu na nyumbani kwake, halazimiki kuuza leo. Bei ikiwa mbaya anaweza kuiacha ardhini, ambako haiozi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeiandikia biashara hii makala ndefu mwaka 2007, ameitazama kwa kuanzia kwenye misitu na kwa watu wa nyuma ya pwani badala ya kuanzia kwenye ghala za Zanzibar, na naona huko ndiko inakopaswa kutazamwa. Uvivu ambao Burton aliuona unaweza kuwa ni uhuru ambao hakuutambua.

Malipo yao yalikuwa hasa nguo, na nguo iliyotakiwa zaidi ilikuwa merikani. Jina lake linajieleza: kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Meli za bandari ya Salem zilikileta Zanzibar na kurudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Mwaka 1833 Marekani na Seyyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, huku akiendelea na biashara zake kana kwamba ukonseli ni kofia tu. Merikani haikuishia pwani. Ilibebwa na misafara hadi Buganda, ambako wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wamefika kwa Kabaka Suna mnamo 1844, ikaanza kushindana na nguo za magome ya mtuba. Nikipita Kasubi huwa nafikiria hilo. Nguo iliyovaliwa katika kasri ya Kabaka na vanishi iliyong'arisha gari la tajiri wa Boston zilikuwa upande huu na upande ule wa mzani mmoja.

Sandarusi ilifika Salem ikiwa chafu, imevikwa ganda la mchanga. Huko ilioshwa kwa maji ya magadi, ikasuguliwa kwa brashi, ikaanikwa na kupangwa kwa madaraja katika kiwanda cha familia ya Whipple. Watu wa Salem walipata kazi hapo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1861 Marekani ikaweka ushuru juu ya sandarusi isiyosafishwa. Ushuru huo ulihesabiwa kwa uzito, na mfanyabiashara asingekubali kulipia mchanga wa Rufiji kwa bei ya gundi. Kazi ya kuosha ikahamia upande wa Afrika.

Nimelikazia tukio hilo dogo kwa sababu linavuruga hadithi tuliyoizoea. Mara nyingi tunaandika kwamba malighafi ilitoka Afrika na kazi yenye faida ikabaki kwao, basi, kana kwamba ni sheria ya maumbile. Hapa tunaona hatua moja ya kazi ikivuka bahari kuja kwetu kwa sababu ya mstari mmoja katika kitabu cha ushuru. Haikuletwa na huruma, wala na maendeleo ya kiufundi ya Zanzibar, maana kuosha kwa magadi hakukuhitaji elimu mpya. Na kitu kilichobaki kwao ni kile kilichohitaji elimu: kuyeyusha na kupika. Mapishi ya vanishi yalikuwa siri za kifamilia huko London na New York, zikirithishwa kama urithi wa uganga. Zanzibar iliosha, lakini haikupika.

Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu yangu alinipinga kwa haki. Alisema sandarusi ilikuwa bidhaa ndogo ukiilinganisha na pembe za ndovu na karafuu, na kwamba naikuza ili ilingane na shauku yangu ya magari. Nakubali kuhusu thamani. Pembe zilikuwa mbele sana. Ila ukubwa wa bidhaa kwenye forodha si ukubwa wake kwenye maisha ya watu. Pembe zilihitaji wawindaji, mtaji wa misafara, wapagazi wa miezi mingi. Karafuu zilihitaji shamba na, katika karne hiyo, watumwa wa kulilima. Sandarusi ilihitaji mti wenye ncha, mkono, na haki ya kuingia msituni. Ni biashara adimu ya karne ya 19 ambayo mtu wa kawaida wa Uzaramo au wa nyuma ya Kilwa aliingia kwa jina lake mwenyewe, hata kama jina hilo hakuna aliyeliandika.

Haki ya kuingia msituni ndiyo iliyokuja kupotea. Wajerumani walipoitawala bara walitenga misitu kuwa ya serikali na kuwawekea wenyeji masharti ya kuitumia. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilianzia Umatumbi, nyuma ya Kilwa, katika nchi iliyokuwa imeuza sandarusi kwa vizazi. Sisemi kwamba vita vilipiganwa kwa ajili ya gundi. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kinajulikana vyema kama chanzo, pamoja na kodi na viboko. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kupata nguo kwa mkono wake mwenyewe alikuwa na la kulinganisha alipolazimishwa kulima pamba ya mtu mwingine.

Upande wa pili wa bahari, sandarusi ya Zanzibar ilikuwa inapoteza nafasi pia. Gundi ya kauri ya New Zealand ilikuwa sokoni kwa wingi, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Kongo ya Wabelgiji ikamwaga gundi yake kutoka misitu ya Equateur, iliyokusanywa na wanavijiji waliotakiwa kulipa kodi. Kisha mota ikaja kumaliza mchezo. Magari ya kwanza ya mota yalipakwa kama ya farasi, kwa wiki kadhaa. Henry Ford, aliyetaka kutoa magari kwa haraka kuliko rangi ilivyoweza kukauka, alichagua rangi nyeusi yenye lami, ikapikwa kwenye tanuri ikaganda haraka. Kuanzia 1914 hadi 1925 Ford Model T ilitoka kiwandani nyeusi tu. Huo ni weusi wa aina nyingine kabisa na ule wa gari la tajiri. Ni weusi wa haraka na wa bei nafuu.

Miaka ya 1923 na 1924 kampuni ya DuPont na General Motors zikaleta laka iitwayo Duco. Ilinyunyizwa kwa bomba, ikakauka kwa muda mfupi, na ilikubali rangi yoyote. Ilitengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizotiwa asidi. Hapo nilicheka peke yangu maktaba: sandarusi ilinunuliwa kwa pamba iliyofumwa, na ikauawa kwa pamba iliyoyeyushwa. Baada ya Duco zikaja enameli za viwandani, kisha akriliki, na katika miongo ya mwisho ya karne ikaenea ile njia ambayo mafundi wetu wote wanaijua, ya kupaka rangi kwanza na juu yake tabaka angavu wanaloliita klia. Mzee wa ukoo wa klia ni vanishi ya sandarusi. Kazi ni ileile: rangi inakaa chini, juu yake kinakaa kitu kisicho na rangi kinachopokea mapigo.

Na hii seramiki ya mjomba? Nilikwenda kukaa na mafundi wawili, mmoja Ndeeba na mwingine Nakawa, karibu na zile bondi zinazouza magari yaliyotumika kutoka Japani. Jina linadanganya kidogo, maana si vyungu vilivyosagwa. Ni kimiminika chenye misombo ya silikoni ambayo hushikana na klia na kugeuka kuwa utando mgumu unaosukuma maji. Utando huo kwa kawaida ni wa mikroni moja au mbili tu, ilhali klia yenyewe ni kama 40 au 50. Hauzuii jiwe lililorushwa na lori la mchanga, wala bodaboda inayojipenyeza kwenye foleni. Unazuia madoa, unapunguza kushika kwa vumbi, na unarahisisha kuosha. Kwa gari jeusi hilo si dogo.

Lakini muda mwingi wa kazi si kupaka. Fundi wa Ndeeba alitumia siku mbili kulisugua gari jeusi kwa mashine na dawa ya kusugulia, akiondoa ule utando wa buibui, akikagua kwa taa kila paneli, akianza upya umeme ulipokatika na kurudi. Kupaka kimiminika kulichukua saa chache: matone kwenye kitambaa, mistari ya kwenda na ya kukata, kungoja mpaka uso utoe rangi za upinde wa mvua, kisha kufuta kabla haujaganda. Ukipaka juu ya mikwaruzo, umeifungia humo. Wasugua magari wa karne ya 19 na jiwe lao na maji wangemwelewa bila mkalimani. Pua wangeielewa pia. Fundi huyo anavaa kitambaa usoni pale panapohitaji kinyago cha mpira chenye vichujio, na jioni husema kichwa kinamgonga.

Chupa yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani, na imesafiri kutoka Asia au Ulaya. Kiini cha silikoni ni mchanga. Sisi mchanga tunao wa kutosha hata kugombana. Malori ya Lwera kwenye barabara ya Masaka yanaubeba usiku na mchana kwenda kujengea Kampala, na upande huohuo wa ziwa uko mchanga mweupe wa Diimu na Bukakata ambao kwa muda mrefu umetajwa kuwa unafaa kwa vioo. Sitaki kusema kwamba kesho tutapika seramiki Masaka. Kugeuza mchanga kuwa silikoni kunahitaji joto na umeme ambao chungu cha shaba hakikuujua, kisha kemia nyingi juu yake. Ulinganisho wangu una mpaka huo. Sandarusi haikupatikana kila mahali, ndiyo maana mchimbaji aliweza kuigomea bei. Mchanga upo duniani kote, na anayeugomea bei Lwera atasubiri sana.

Kinachofanana ni sehemu ya kazi iliyobaki kwetu. Mwaka 1861 Zanzibar ilipata kuosha. Kampala ya leo imepata kusugua. Katika bei aliyotajiwa mjomba, fundi alinionyesha kwa vidole jinsi inavyogawanyika, na sehemu yake kwa siku zile mbili ilikuwa ndogo kuliko bei ya chupa. Hata hivyo chupa bila yeye ni bure. Mteja anadhani amenunua kimiminika, kumbe sehemu kubwa ya mng'ao anaouona imetoka kwenye mkono uliosugua.

Mjomba nilimjibu hivi: dawa ni ya kweli, miaka mitatu hapa kwetu ni ndoto, na kama pesa haitoshi vyote viwili basi alipie kusuguliwa na nta nzuri, aiache chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalipaka seramiki. Alisema kwenye harusi watu huuliza kama gari lina seramiki. Hakuna anayeuliza kama limesuguliwa.

Yule fundi wa Ndeeba ana daftari la shule la kurasa 96. Humo huandika namba ya gari, rangi, tarehe ya kupaka, na kila gari linaporudi huongeza mstari: maji bado yanateleza au hayatelezi, doa la kaloli, mkwaruzo wa mlango, mvua za Aprili. Magari meusi ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ni kumbukumbu ya miaka minne ya jinsi tabaka hizi zinavyodumu katika jiji hili hasa, si katika jiji la aliyeandika karatasi ya chupa. Wachimbaji wa sandarusi hawakutuachia ukurasa hata mmoja wa namna hiyo, na tunalazimika kuwasoma kupitia dharau ya Burton. Nimemwomba fundi aniruhusu nipige picha daftari lote, nakala ikae katika idara yetu. Amekubali, isipokuwa kurasa tatu za mwisho, ambazo ni za wanaomdai na anaowadai.